Ukiachwa na Ndege, Lilia Kwenye Foleni

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Ni siku ndege ilipotuacha Mwanza, mimi na mama yangu mzazi, na jicho la mama likiwa limebakiza siku chache tu za kutibiwa au kuzimika. Nakueleza habari hii kwa sababu nimesikia unasafiri. Nimesikia umepanga nguo, umepanga saa ya kuamka, umepanga hata maneno utakayosema ukifika. Vizuri sana. Kufika umejifunza. Kuchelewa hujafundishwa na mtu, nami nataka nikufundishe mapema, kama nilivyofundishwa.

Nilikuwa binti wa Bariadi mwenye ndoto nyingi na elimu ya darasa la saba. Wakati wa mavuno nilikuwa nikilala chali juu ya rundo la pamba, nikiona ndege inapita juu, ndogo kama nzi, nampungia rubani mkono. Niliamini ananiona. Kaka zangu walinicheka, nami nikacheka nao, lakini mkono sikuushusha.

Mama yangu yeye hakuwa akiona ndege wala nzi. Mtoto wa jicho alimwingia taratibu nilipokuwa bado shuleni, kwanza upande wa kushoto, halafu wa kulia, mpaka akawa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Alinitambua kwa hatua zangu. Shangazi mmoja alisisitiza kwamba ni mizimu imekasirika, apelekwe kwa mganga achinjiwe kondoo. Mama alimjibu kwa upole wake ule wa kuchoma: "Kondoo atachinjwa, shangazi. Nikishaona, nitamchagua mwenyewe aliyenona."

Basi miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mambo mengi yalifunguka kwa pamoja. Pamba ilianza kununuliwa na watu binafsi, mitumba ikajaa minadani, na ndege za kampuni za watu zikaanza kwenda Dar es Salaam kutoka Mwanza. Binamu yangu Masanja alikuwa mfagizi katika hospitali moja huko Dar. Akatuma habari kwamba wamekuja madaktari wa macho kutoka nje, wanapasua wazee, na yeye amekwisha kumwandikisha mama. Lakini siku yao ya mwisho ni Ijumaa. Ijumaa wakimaliza, wanafunga mizigo yao wanaondoka.

Habari hiyo ilitufikia Jumatatu jioni. Treni siku zake hazikuelewana na zetu. Baba aliingia zizini, akatoka akasema, "Ng'ombe atazaliwa mwingine. Jicho halizaliwi." Akauza. Tukapata tiketi za ndege ya Jumatano alasiri, mama na mimi.

Tuliondoka Bariadi kwa basi kunapambazuka. Muda ulikuwa tele, mwanangu, tena wa kumwaga. Kiti cha mbele yetu alikaa Mzee Hamisi, muuza vitenge wa sokoni Bariadi, asili yake Tabora lakini amekaa Usukumani mpaka ndevu zimeota mvi hapo. Naye alikuwa anapanda ndege ileile kwenda kufunga mzigo Dar. Dereva alikuwa kijana wa Maswa, anaimba tangu tulipoondoka, na wimbo wenyewe haujui. Tukapita Lamadi, tukaikamata barabara ya ziwani. Nikaanza kumsimulia mama jinsi ndege inavyopaa, mimi ambaye sijawahi kuigusa.

Tulipokuwa hatujafika Nassa, tukasikia mwano.

Wewe umekulia mjini, labda hujui. Mwano ni ukelele wa hatari. Ng'ombe wakiibwa, au nyumba ikiungua, mtu hupiga ukelele wa namna yake, na anayeusikia huupokea akausogeza kwa mwingine, kilima hadi kilima, filimbi zikifuata. Na kwetu, mwano haupitwi. Mwenye kulima anaacha jembe, mwenye kula anaacha tonge. Ukiupita, siku ya kwako ukipiga utasikia sauti yako peke yako.

Dereva alikatiza wimbo wake, akapunguza mwendo, akazima gari. Wanaume wakaanza kushuka, mmoja anavua viatu, mwingine anauliza, "Wameelekea wapi?" Mwanamke aliyekuwa anakimbia kandokando ya barabara akaonyesha upande wa matete ya ziwani. "Ng'ombe wa kwetu! Wote! Zizi tupu!" Dereva akachomoa ufunguo, akamtupia Mzee Hamisi ambaye miguu yake haikuwa ya kukimbizana na wezi. "Nishikie, mzee!" Naye akatokomea na wenzake.

Nilisimama. "Dereva! Sisi tuna ndege!"

Mwanamke mmoja mwenye kuku mapajani akageuka. "Una ndege? Basi ifunge kamba hapo nje, ile majani tukisubiri."

Basi zima la wanawake na wazee likacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mama kwa hasira, na sauti ilikuwa kubwa, "Ng'ombe wa watu wasiotujua ndio watakaokupofusha!"

"Kaa chini, Kabula," akasema mama.

"Lakini, mayu..." nikasema, na mayu kwetu ni mama.

"Kaa kwanza. Ulikuwa mgongoni mwangu, hujui hata kutambaa, ng'ombe wetu wakachukuliwa. Nilipiga mwano mpaka sauti ikanikauka. Waliokuja, wengine walikuwa wapita njia. Mmoja alikuwa anakwenda kuoa siku hiyohiyo."

"Kuoa? Akaacha?"

"Akaja. Alifika kwa mchumba wake jioni, matope magotini, na shati limechanwa na miiba."

Mwenye kuku akadakia, "Wakamkubali?"

"Walimkubali mara mbili," akasema mama.

Nikakaa. Lakini moyo haukukaa, nisikudanganye. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kuinama. Mzee Hamisi alitembeza maji ya kunywa kwa watoto, akaswali adhuhuri kivulini mwa basi, akarudi. Wanaume walikuja mmojammoja wakiwa wamelowa hadi kiunoni. Ng'ombe walipatikana wamefichwa kwenye matete, midomo imefungwa kamba wasilie. Dereva alirudi wa mwisho, anachechemea, shati halina mkono mmoja. Aliwasha gari, na kutoka hapo hakuimba tena. Aliendesha.

Mwanangu, tulifika uwanjani tukaiona. Tulikuwa ndiyo tunashuka kwenye pikapu tuliyopanda na Mzee Hamisi kutoka stendi, nayo ndege ikapita juu ya vichwa vyetu, nyeupe, tumbo wazi, inaelekea ziwani kujigeuza.

"Ndiyo yenyewe?" mama akauliza, kichwa amekiinua.

"Ndiyo, mayu."

Akasikiliza mpaka ikaisha. "Ina kelele kama mashine ya kuchambua pamba," akasema.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Niliingia ndani nikamkuta dada wa kaunta anakusanya vitu vyake, nikamvamia kwa maneno. Nilimwambia hawana huruma. Nilimwambia ndege gani isiyoweza kungoja kipofu. Dada wa watu alinitazama tu, akaendelea kupanga. Wahenga walisema hasira hasara, lakini mwenye hasira hasikii wahenga, anajisikia mwenyewe. Nilipokwisha kupiga kelele, nikatoka nje, nikakaa juu ya furushi letu, nikalia. Nikamwambia mama tutafute gari turudi nyumbani, mambo yamekwisha. Mama alisimama pembeni kashika begi lake kwa mikono miwili.

Mzee Hamisi, ambaye ameachwa kama sisi, alikuwa amebaki ndani. Alitoka baadaye taratibu, tiketi yake ikiwa imepigwa mhuri mpya. Akasimama mbele yangu.

"Binti, unalia?"

"Nalia, mzee."

"Lia. Mama ni mama. Lakini mbona unalilia huku nje? Foleni iko ndani. Lilia kwenye foleni."

Nikamwambia, "Foleni ya nini tena? Ndege imeshaondoka!"

"Imeondoka, nimeiona kwa macho yangu, wala sikukwambia uikimbize. Kesho asubuhi ipo nyingine."

"Imejaa. Nimeona ubao."

"Imejaa leo. Watu huugua usiku. Watu hughairi. Watu husikia mwano huko kwao kama tulivyousikia sisi. Kiti cha asiyekuja anakikalia aliyepo." Akageuza kichwa upande wa mlango. "Yule dada umemwambia mama anakwenda kufanyiwa nini?"

"Nimemwambia hawana huruma."

"Hilo ataliandika kwenye karatasi gani?"

Mama ndipo akafungua mdomo. "Nenda, Kabula. Mimi ndiye niliyeachwa na ndege, na mimi silii."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikanawa uso pale bombani, nikafunga kitenge vizuri, nikarudi. Nilimwomba yule dada msamaha kwanza, kabla ya kumwomba kitu. Nikamweleza yote, mwano na ng'ombe na madaktari na Ijumaa. Alinisikiliza, akavuta kiti akakaa tena.

"Sasa unaongea na mimi," akasema. "Mwanzo ulikuwa unaongea na ukuta." Akachukua tiketi zetu akazipiga mhuri, akatuandika miongoni mwa wanaosubiri nafasi, nyuma ya Mzee Hamisi. "Siahidi. Kesho uwe hapa kabla sijafungua dirisha. Jina likiitwa na mtu hayupo, naita linalofuata."

Nilitoka nimefurahi kana kwamba nimepata mbawa. Mzee Hamisi akanishusha tena.

"Na huko Dar nani anajua mmechelewa?"

"Hakuna."

"Basi huyo binamu yako sasa hivi yuko uwanjani anawangoja. Watashuka watu wote, nyinyi hamumo. Atarudi hospitali kusema mgonjwa haji. Jina linafutwa, na wewe hapa unashangilia mhuri."

Sikujua kwamba nina miguu ya namna ile, mwanangu. Nilimwacha mama na mzee, nikadandia gari la kwanza kurudi mjini, nikaingia posta wanakaribia kufunga. Wakati ule simu ilikuwa unaomba, unangoja, unaitwa kwenye kibanda, halafu unapiga kelele mpaka Dar wakusikie hata bila waya. Kule hospitali akapokea muuguzi mmoja, sauti ya mama mtu mzima. Nikapaza sauti, posta nzima ikasikia ugonjwa wa mama yangu.

"Mgonjwa wa jicho kutoka Bariadi! Tumeachwa na ndege! Anakuja!"

"Anakuja lini?"

"Kesho!"

"Una hakika?"

Nikafumba macho. "Anakuja!"

Waya ukakoroma. Kisha akasema, "Haya. Nitamweka mwishoni kabisa, Ijumaa. Asile kitu asubuhi. Akikosa hapo, mwanangu, madaktari nao wana ndege yao." Nikamwomba amwambie Masanja arudi uwanjani kesho. Nilipotoka kibandani, watu wasionijua waliniambia pole, na mzee wa kufunga milango akaningojea nipite ndipo akafunga.

Tulilala kwa dada yake Mzee Hamisi, mjane mmoja mkarimu wa Mwanza. Tulipokuwa tunakula, mama aliuliza, "Wewe Mswahili, unatutendea haya yote, kwani unatujua?"

"Nakujua, mayu. Hicho kitenge ulichovaa nilikuuzia mimi."

"Ahaa! Ndiyo maana kimepauka."

"Kimepauka? Mayu, wewe si huoni?"

"Nimeambiwa na majirani. Wote kwa pamoja."

Mzee Hamisi alicheka hadi akapaliwa na ugali, dada yake akampiga mgongo. Nami nilicheka, na nilipokuwa nacheka nikaona kwamba sijashindwa bado. Mtu aliyeshindwa hacheki hivyo.

Alhamisi tulikuwa mlangoni kabla ya dirisha kufunguliwa. Abiria wakaja, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeingia nilimwona kama amekalia kiti cha mama. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama alisimama kwenye foleni kama wenzake. Nilimwomba akae benchi, akakataa. "Foleni ni ya kusimama," akasema.

Mwishowe yule dada akainua uso. "Nafasi ipo. Moja. Mzee Hamisi?"

Nikamgeukia mzee.

Mzee Hamisi akavuta ndevu. "Mimi nafuata vitenge," akasema. "Vitenge vya Dar havipofuki. Mwite anayefuata."

"Mama wa Bariadi?"

Mama akapiga hatua mbele. Nami nikamshika mkono nikamrudisha. Ndiyo, mwanangu. Kiti nilichokipigania, nilichokililia, kilikuja, nami nikakivuta nyuma. Maana kilikuwa kimoja. Mama yangu alikuwa hajawahi kuvuka Maswa, Kiswahili chake cha kuombea maji, macho ndiyo hayo. Nani atamfunga mkanda? Nani atamwonyesha choo? Nikaanza kusema basi tungoje cha pili, labda kesho. Na kesho ni Ijumaa! Huruma nayo hupofusha, mwanangu, usione watu wanaisifu tu.

"Amueni," yule dada akasema. "Nyuma yenu wapo wengine."

"Kabula," mama akasema, "uliniambia jana tunakwenda kutafuta jicho. Au tulikuja kutembea?"

"Utakwenda na nani, mayu?"

Aligeukia upande wenye kelele za watu, akavuta pumzi, akaamkia kwa Kisukuma, kwa sauti yake yote, ile ya kuitia mtu ng'ambo ya mto: "Mwangalukaaa!"

Uwanja mzima ukageuka. Kisha zikajibu sauti, moja huku, moja kule, ya tatu karibu kabisa na mlango wa kutokea: "Mwangaluka, mayu!" Ile ya mlangoni ilikuwa ya mama mmoja mnene, muuza mitumba wa Maswa, anakwenda Dar kuchukua marobota yake. Alikuja amebeba kikapu kichwani, akauingiza mkono wa mama kwenye kwapa lake kana kwamba walizaliwa nyumba moja.

"Huyu ni wangu," akaniambia. "Nani anampokea huko?"

Nikamwambia ni Masanja, mfupi, ana kovu kwenye nyusi, mfagizi wa hospitali.

"Nitamshika Masanja shingo. Asipokuja nampeleka mwenyewe."

Nilisimama kwenye wavu nikawatazama wakienda. Yule mama anaongea njia nzima, mama yangu anahesabu ngazi kwa unyayo. Mlangoni hakugeuka kunitazama. Angegeuka angeona nini? Ndege ikaondoka, safari hii nikaipungia mkono. Mzee Hamisi akasimama kando yangu, hakusema neno lolote la hekima, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Baadaye aliniambia tu kwamba treni ya kwenda Dar inaondoka jioni, na tiketi yangu ya ndege nisiichane, itabadilishwa iwe ya kurudia. Nilimwambia wabeja, asante yetu ya Kisukuma. Akanijibu kwa Kisukuma cha sokoni, na lafudhi ya Tabora imejaa humo.

Safari ya treni sitakuchosha nayo. Vumbi, moshi, karanga, usingizi wa kukaa. Ijumaa nzima ilinikuta njiani. Kila stesheni nilijiambia, sasa wamemwita, sasa hawajamwita, sasa wamefunga mizigo. Sikuwa na cha kufanya kwa mikono yangu, na kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo adhabu. Nikajifunza kitu kimoja humo: ukishafanya lako lote, kaa kwenye kiti chako uache gari liende. Kulisukuma ukiwa ndani hakuongezi mwendo.

Nilifika Jumamosi asubuhi, nikauliza njia mpaka hospitali, kuuliza si ujinga. Masanja alinikuta getini na ufagio wake, akanionyesha wodi kwa kidole, midomo inamcheza, akakataa kuniambia lolote. Nilimchukia kidogo.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye ukuta. Jicho la kushoto lilikuwa kama zamani. La kulia lilikuwa jekundu, lenye machozi, na limefunguliwa. Niliingia bila viatu, nilikuwa nimevivua mlangoni, kwa hiyo hatua zangu hazikusikika. Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, kuanzia miguuni, akapanda mpaka kichwani, akashuka tena. Mara ya mwisho aliponiona vizuri nilikuwa mtoto wa shule, meno ya mbele hayajajaa.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Ni mimi, Kabula."

Akanyoosha mkono akagusa shavu langu, jinsi alivyozoea, kisha akautoa mkono, akatazama bila kugusa.

"Mbona mkubwa hivi?" akasema. "Nani amekulea?"

"Ni wewe, mayu."

"Mimi?" Akacheka, na machozi yakamshuka kwenye lile jicho jipya, muuguzi akaja mbio kumkataza asilie, anaharibu kazi ya watu. Ilikuwa ile sauti ya simu. Nikamkumbatia yeye pia.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, na uisikie vizuri maana nimeizunguka muda mrefu.

Siku utakayoachwa na ndege, na siku hiyo itakuja, kama si ndege basi ni kazi au mchumba, usikimbilie kuamua kwamba yamekwisha. Kilichoondoka kimeondoka, wewe bado upo, na hilo ndilo la kuanzia. Kulia hakukatazwi. Lakini usiende kulilia nje ambako hakuna kinachogawiwa. Ingia ndani na machozi yako, simama mahali ambapo jina lako linaweza kuitwa. Mwenye kukuhudumia mweleze shida yako, usimweleze tabia yake. Omba upangiwe safari inayofuata, tiketi yako isahihishwe hapohapo, na uifahamu kwa kinywa chake saa ya kufika kesho. Halafu wewe fika kabla yake. Na kabla hujajihurumia, mhurumie anayekungoja upande wa pili. Mpelekee habari upesi, maana asiyejua umechelewa atadhani hukuja, na mlango uliofungwa kwa kudhani ni mgumu kufungua kuliko uliofungwa kwa ufunguo.

Na mlango ukifunguka nusu, mwanangu, pita hiyo nusu. Usikatae kiti kimoja kwa sababu uliomba viwili. Mwachie anayehitaji zaidi atangulie, hata kama moyo wako unamvuta nyuma kwa kumpenda. Watu wa kumshika mkono wapo, ila hawajitokezi mpaka uwaamkie.

Jambo la mwisho ni hili la mwano, nalo nimelifikiria miaka mingi. Kuna kuchelewa kwa uzembe. Huko kujutie, ukajirekebishe. Na kuna kuchelewa kwa sababu mtu amelia nawe umemsikia. Huko usikujutie kamwe. Wale ng'ombe sikuwahi kuwaona, mwenyewe simjui hata jina. Lakini mama yangu alikwenda kupasuliwa jicho bila deni moyoni, nami naamini alilala vizuri zaidi kwenye kile kitanda kwa ajili hiyo. Chelewa na utu wako, halafu pigana kufika. Yote mawili yanawezekana, usikubali akuambiaye uchague.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akufungulie njia, na pale atakapoifunga akupe akili ya kuuliza nyingine. Usipungukiwe na mwenyeji wala na cheko. Mikono yako isiwe mitupu uendapo, wala moyo wako urudipo. Na yule akungojeaye, akuone umefika, akutazame kuanzia miguuni hadi kichwani, aseme asante kwa aliyekulea.